Nilivyowasha Moto Kabla ya Zamu Yangu

Mimi kusubiri siwezi. Mama yangu mzazi husema nilizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono, na tangu siku hiyo sijatulia. Nikibandika maharage nafunua sufuria kila baada ya dakika mbili, kama vile yakiniona yatapata aibu yaive. Nikipanda bodaboda nainamia mbele kumsaidia dereva kufika. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuolewa Kerende, kwenye boma ambalo mke hana jiko lake mpaka mama mkwe amwekee mafiga kwa mikono yake mwenyewe.

Siwezi kusema sikuambiwa. Mume wangu alinieleza tukiwa bado wachumba, wakati huo nafundisha shule ya msingi Mugumu na yeye anapita pale na lori mara mbili kwa mwezi.

"Kwanza utapika na mama," alisema. "Halafu siku moja mama atakuja kwenye nyumba yetu, atapanga mawe matatu, atawasha moto, wewe utasonga ugali wa kwanza na wazee watakula. Kuanzia hapo jiko ni lako."

"Itachukua muda gani?"

Akajikuna shingo. Mume wangu akijikuna shingo najua jibu lina kona.

Kona yenyewe ilikuwa zamu. Mke wa kaka mkubwa ndiye anayetangulia kuwekewa mafiga, mke wa mdogo anafuata. Na mke wa kaka yake mkubwa alikuwa na miaka minne pale bomani bila jiko, kwa sababu nyumba yao ilikuwa kuta tupu. Mafiga hayawekwi mahali pasipo paa. Shemeji yangu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, na kila mwezi bati lilikuwa la mwezi ujao. Yeye na mkewe waliishi kwenye chumba kimoja cha nyumba ya mama mkwe huku kuta zao zikiota majani.

Yetu sisi ilikuwa imekamilika. Vyumba viwili, na pembeni jiko la matofali lenye bati kumi na mbili mpya, dirisha na mlango wa mbao. Ndani hakukuwa na kitu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia lile jiko tupu. Nafagia nini? Vumbi langu la jana. Jirani mmoja aliniuliza kama nimefuga kitu humo ndani, nikamjibu vibaya mpaka leo hanisalimii vizuri.

Basi nikawa napika kwenye jiko la mama mkwe pamoja na yule mke wa shemeji, ambaye nilimwita dada naye akaniita mdogo wangu. Alikuwa mtu wa polepole. Akikuna nazi ungelia, lakini Kerende nani anakuna nazi? Alikuwa anapepeta ulezi hivyohivyo, polepole, ungo unapanda unashuka, mimi pembeni nimeshamaliza wa kwangu na mchanga wote nimeuacha ndani.

"Mdogo wangu, huo utatuvunja meno," anasema, anauchukua, anaanza upya. Hata hakasiriki. Ndicho kilichokuwa kinaniudhi.

Alinifundisha kila kitu. Kwetu Singida nilikulia mjini, unga ni wa mashine. Yeye alinipigisha magoti mbele ya jiwe la kusagia mpaka mabega yakawaka, akanionyesha kiasi cha muhogo mkavu cha kuchanganya na ulezi ili ugali ushikane. Ugali wangu wa kwanza aliugeuza na mwiko, ukamwagika pembeni. "Obokima gani huu?" akasema kwa Kikurya, akicheka. "Huu ni uji umekasirika." Tukacheka mpaka mama mkwe akaja kuuliza nani anachekwa. Mgagani alinifundisha kuuchemsha, kumwaga maji machungu, kuutia maziwa, kisha kuuacha ulale mpaka kesho. Mpaka kesho! Nikamwambia mboga ya kula kesho mimi sijawahi kuisikia. Akaniambia usipoulaza utaula na uchungu wake.

Tukawa marafiki wa kweli, siyo wa kuolewa boma moja tu. Nikirudi shule na hasira za darasa la wanafunzi tisini, yeye ndiye nilimwagia. Na yeye siku moja, tukiosha vyombo, ndipo akanieleza habari ya mama yake.

Mama yake mzazi anaishi upande wa Issenye, mjane, macho yanaingiwa na ukungu mwaka hadi mwaka. Mwaka ule dada alipoolewa, yule mama alikuja Kerende na kuku wawili kumwona binti. Akaandaliwa chakula kwenye jiko la mama mkwe. Akashukuru sana, akanywa maji tu. "Nitakula kwa mwanangu," alisema. "Siku akiwa na jiko nitakula mpaka mnifukuze." Kisha akarudi zake. Kwao alilelewa hivyo, mama hali chakula cha binti ambaye bado anapika kwa watu. Hakuja tena. Kila alipopiga simu alikuwa anauliza swali moja tu: bati limepatikana?

"Anataka kukiona chakula changu kabla macho hayajafunga," dada akaniambia. "Na mimi nataka akione. Sina kingine ninachotaka kwenye boma hili."

Halafu akanipeleka chumbani kwake, akainua shuka. Chini ya kitanda kulikuwa na mawe matatu. Aliyachagua mwenyewe mtoni, akayaleta moja moja, jiwe mkononi na ndoo ya maji kichwani. Pembeni chungu kidogo cha ulezi wa shamba lake, kimefunikwa kwa kitambaa, kwa ajili ya ugali wa kwanza. Niliyaangalia yale mawe nikaona aibu, maana mimi hasira zangu zote zilikuwa za moshi na za kufagia vumbi.

Aibu hiyo ilidumu kama wiki mbili. Nasema ukweli.

Masika ikaingia, kuni zikalowa. Jiko la mama mkwe likawa moshi mtupu. Nilikuwa nasahihisha madaftari macho yanatoka maji, watoto wanadhani mwalimu amefiwa. Mume wangu akarudi safari na mtungi mdogo wa gesi, ule wenye plate moja juu yake. "Wa kuchemshia chai tu," akasema, "na uwe chumbani."

Ukakaa chumbani siku nne.

Siku ya tano, Alhamisi, nilirudi shule nimeloa na nina njaa ya kufa. Mama mkwe alikuwa ameenda msibani. Nikaenda kwenye kuni, nikapuliza mpaka kizunguzungu, hakuna kitu. Nikaanza kujibishana na nafsi yangu kama wakili. Mafiga ni mawe. Gesi haina mawe. Kisicho na mawe siyo jiko. Kwa hiyo nikipeleka mtungi kwenye lile jiko langu nikapika, sijapika jikoni. Jamani, elimu hii! Nikabeba mtungi, nikauweka katikati ya sakafu yangu iliyofagiliwa.

Unga wa ngano sikuwa nao. Nikaenda kwa dada kuomba.

"Unapika wapi?" akauliza.

"Pale kwangu. Kwenye gesi tu, dada. Siyo moto wa kweli."

Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua kikombe chake cha bati, akachota unga, akausawazisha kwa kidole mpaka ukalingana na ukingo, akanimiminia kwenye bakuli. "Haya, mdogo wangu," akasema. Mimi kwenye ile "haya" sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshageuka.

Nilikanda, nikasukuma, nikakaanga. Sijui nielezeje ile furaha. Kikaango changu mwenyewe, kilichokaa kwenye boksi tangu harusi. Mvua inapiga bati langu. Moto wa bluu, hakuna moshi. Nilikuwa naimba! Nikachukua sahani yangu ya maua, nikapanga chapati, nikazifunika, nikakimbia nazo kwa dada kwenye mvua. Alipokea kwa mikono miwili. "Asante, Mungu akubariki," akasema. Nikarudi mbio kuosha vyombo.

Mama mkwe alirudi jioni haijaingia, na khanga yake ya msibani. Harufu ya mafuta ilimleta moja kwa moja. Akasimama mlangoni kwangu, hakuvuka kizingiti. Wakati huo nilikuwa nimebandika maji ya chai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani amewasha?"

"Ni mimi, Mama. Ni gesi tu."

Akauangalia ule mtungi kuanzia chini mpaka juu. "Inaunguza?"

"Inaunguza, Mama."

"Basi ni moto," akasema, akaondoka.

Ijumaa nzima, isipokuwa mume wangu, hakuna aliyeniambia neno bomani. Mume wangu alikuwa nyumbani, na alipoambiwa na mama yake alirudi chumbani akakaa kitandani kiatu kimoja mkononi. Yeye ndiye aliyenieleza ukubwa wa jambo. Moto wa mdogo ukishawashwa na watu wakala, mkubwa hawezi tena kuwekewa mafiga nyuma yake kwenye boma lile. Itabidi ahame, akatafute ardhi nyingine, ajenge upya toka msingi. "Na kaka ardhi nyingine hana," akasema. "Kuta tu zimemshinda."

Nikamwona yule mama wa Issenye anapiga simu kuuliza bati. Nilizunguka ile nyumba siku nzima, nashika hiki naacha, nafungua dirisha nafunga. Nilitaka kwenda kwa dada, nikifika katikati ya uwanja miguu inageuka.

Jumamosi asubuhi baba mdogo wa mume wangu akaja na baiskeli, maana baba mkwe alikwishafariki na yeye ndiye mwenye neno. Tukakaa uwanjani, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Mtungi ukaletwa ukawekwa katikati kama mshtakiwa.

Shemeji yangu, masikini, alijaribu kuniokoa. "Huu ni mtungi, baba. Hata mafundi wanatumia kuunganishia vyuma. Hatuwezi kusema fundi ameweka jiko."

"Mura, kijana wangu, fundi anakaanga chapati?" baba mdogo akamuuliza.

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akataka kuonyeshwa unavyowaka. Mume wangu akauwasha. Mzee akasogeza kiganja, akakiondoa upesi. Akatikisa kichwa. Nilijua nimekwisha.

Ndipo mama mkwe akasema, "Tusibishane juu ya chuma. Moto usiolisha mtu haujawa jiko. Swali ni moja tu. Nani alikula?"

Nilijua nani alikula, nilimpelekea mwenyewe kwa miguu yangu. Nikamwangalia dada. Alikuwa ameinama anavuta uzi kwenye mkeka. Kisha akainuka, polepole vilevile, akaingia ndani, akarudi na sahani yangu ya maua imefunikwa kama nilivyoifunika. Akaiweka mbele ya mzee, akafunua.

Chapati mbili. Nzima, zimekauka, ngumu kama soli.

"Mimi nilipewa hizi," akasema. "Hazijaliwa."

Mimi nilijisikia kama nimechapwa kibao. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka, na alikuwa na njaa kama mimi, kwa kuwa siku ile wote hatukuwa na kuni kavu. Alijua tangu kwenye kikombe cha unga.

"Na wewe mpishi?" baba mdogo akanigeukia. "Ulikula?"

Nilikula tatu. Nimesimama pale pale kwenye gesi, za moto, zinaniunguza vidole, bila chai, bila mboga. Tatu.

"Nilionja, baba," nikasema. "Kuangalia chumvi."

Watu wakapumua. Mzee akasema mpishi kuonja siyo kula, kila mpishi anaonja, na kwa hiyo hakuna aliyelishwa na moto ule. Mama mkwe akaniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaamuru zile chapati wapewe kuku, na mtungi urudi chumbani. Shemeji akaambiwa mbele ya wote kwamba safari nyingine mke wa mdogo wake hatakosea kidogo hivi, kwa hiyo atafute bati. Akainamisha kichwa. Wote tulijua bati hana.

Unafikiri nililala? Uongo ule ulikaa kifuani kama ugali mbichi. Kanisani Jumapili sikusikia hata somo. Tulipotoka, kabla mume wangu hajavua koti, nikamwambia, "Chukua nyundo. Toa bati za jiko."

"Jiko gani?"

"Langu. Uzipeleke kwa kaka."

"Umechanganyikiwa? Hizo nilikujengea wewe."

"Toa."

"Na zamu yetu ikifika? Mafiga yatawekwa kwenye mvua?"

"Toa, nimesema! Au nipande mwenyewe?"

Nikaenda kuleta ngazi. Akaona sitanii, akapanda. Kila msumari uliotoka ulilia, na mimi nilikuwa chini nazipokea, nimekaza meno. Sitajifanya nilikuwa na moyo mweupe. Nilitaka kulia kwa ajili ya zile bati. Mpaka Jumatano zikawa juu ya kuta za dada, na jiko langu likawa linaangalia mawingu. Dada alikuja akasimama katikati ya nyumba yake, akatazama juu, akatazama kule kwangu. Alinishika mkono tu.

Wiki iliyofuata mama mkwe akamwekea mafiga. Mawe yale ya chini ya kitanda yakatoka. Na siku tatu baadaye mama yake akashuka kwenye bodaboda kutoka stendi, kitambaa kichwani, fimbo mkononi, na safari hii pia kuku wawili.

Tulianza kusaga alfajiri, mimi na dada, jiwe moja kwa zamu. Ulezi wa kile chungu. Nilipepeta mwenyewe, mara tatu, na hakuna aliyenisimamia. Mgagani ulikuwa umelala na maziwa yake tangu jana. Dada alisonga, mwiko mikono miwili, jasho linamtiririka, ugali umekaza mpaka sufuria inataka kufuata.

Mama yake hakukaa kwenye kiti alichowekewa sebuleni. Aliomba apelekwe jikoni. Akainama akapapasa jiwe moja pembeni, pale lisipounguza, akapapasa la pili, akapapasa la tatu.

"Hili jiko ni lako?" akamuuliza binti yake.

"Langu, mama."

"Siyo la mama mkwe?"

"Langu."

Akanawa. Alikula taratibu hivyohivyo kama binti yake, tonge linamumunywa, linamezwa, linafuata jingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, natoka, naingia, naenda kuchungulia kuku, narudi. Alimaliza. Akaomba tena. Akamaliza tena. Akasema, "Sasa nifukuzeni," na dada akageukia ukutani akafuta macho kwa pindo la khanga. Mimi nililia wazi, sikujificha.

Jioni mama alipokuwa amepumzika, tulibaki wawili pale jikoni. Dada alikuwa anakwangua ukoko kwenye sufuria. Mvua ikaanza, tukaisikia juu ya bati, na kutoka mlangoni niliiona inavyoingia kwenye jiko langu bila kubisha hodi.

"Kikombe changu cha unga," dada akasema bila kuniangalia, "kinatoa chapati tano. Miaka minne napima nacho."

Nikaokota kijiti, nikaanza kuchokoa majivu.

"Mimi uliniletea mbili."

Nikauliza, "Kwa nini hukunikataza siku ile?"

"Ungesikia?"

Nisingesikia. "Na pale uwanjani? Ulijua nadanganya."

"Ningesema, mama yangu angekula wapi?" Akaendelea kukwangua. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, "Zilikuwa tamu?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema zilinikaa kooni, ilikuwa ndiyo namna ya kuomba msamaha niliyokuwa nayo karibu. Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya kwenye boma lile.

"Zilikuwa tamu, dada," nikasema. "Zilikuwa tamu sana."

"Najua," akasema. "Nilikaa nazo chumbani siku mbili, nazinusa."

Akaukusanya ukoko wote kwenye sahani yangu ya maua, akaiweka kati yetu, akanisogezea kigoda.

"Haya, kaa chini ule," akasema. "Usile umesimama."

Nikakaa.